Kutazama watoto wa kasa Ushongo, Pangani: huduma ya kulipia na huduma ya kukataa

Mgeni anayefika ufukwe wa Ushongo, kusini mwa mji wa Pangani, akitaka kuona watoto wa kasa wakitoka kiotani, anaweza kuuziwa vitu viwili tofauti kwa maneno yaleyale. Mwongozaji mmoja atamketisha nyuma ya kiota, gizani, asubiri mpaka mchanga utitie wenyewe. Mwingine atamletea watoto ndani ya ndoo saa kumi na moja jioni, awashike, apige picha, kisha wamwagwe majini. Ya kwanza tunaipa alama zote. Ya pili hatuipi hata moja, ijapokuwa ndiyo inayopendeza zaidi kwenye simu, na sababu tutazieleza moja baada ya nyingine.

Kipimo chetu ni kimoja tu: wageni wakishaondoka, je, mtoto wa kasa ameingia baharini akiwa na nafasi kubwa zaidi ya kumponyoka kaa, kunguru na samaki chewa, au ndogo zaidi? Ubora wa chakula na vyumba vya kulala wengine wataupima.

Kufika si kazi ngumu. Kutoka Tanga mjini hadi Pangani ni takriban kilomita 50. Unavuka Mto Pangani kwenda Bweni, kisha unashuka kusini kiasi cha kilomita 15.

Viota vingi vinavyotazamwa hapa kasa hakuvichimba mwenyewe. Mayai yametoka Maziwe, fungu la mchanga lililo kilomita nane hivi kutoka nchi kavu. Maziwe ilitangazwa eneo tengefu mwaka 1975, na wakati huo ilikuwa kisiwa chenye mivinje, kikihesabiwa miongoni mwa mahali muhimu kabisa pa kutagia kasa nchini. Aina tatu za kasa, yaani kasa wa kawaida (yule wa kijani), ng'amba na hata kigome, walipanda pale kutaga. Miti ikaisha, mchanga ukakosa cha kuushika, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kisiwa kilibaki fungu linalofunikwa na maji ya bamvua, yale yanayojaa sana wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Kasa jike bado anarudi kutaga. Ila kiinitete kinapumua kupitia ganda la yai, na kiota kikijaa maji ya chumvi, mayai yanakufa. Ndiyo maana yanahamishwa na kuzikwa upya Ushongo, juu ya mstari wa maji kujaa.

Hapo ndipo swali la kwanza la kumuuliza mwenye huduma linapotoka: kiota hiki kilihamishwa saa ngapi baada ya kutagwa? Jibu zuri ni ndani ya saa sita. Katika saa hizo yai linaweza kubebwa bila madhara makubwa. Baadaye kiinitete hujishika kwenye utando wa juu wa ganda, na yai likigeuzwa au kutikiswa, kinabanduka na kufa. Baada ya saa 12 hivi, anayelihamisha ni lazima asiligeuze hata kidogo, sehemu iliyokuwa juu ibaki juu, na hata hivyo hatari inabaki kubwa kwa majuma kadhaa. Swali la pili: mmechimba kina gani? Kiota cha kasa wa kawaida huenda chini sentimita 60 hadi 80, shingo ikiwa nyembamba na tumbo likiwa pana. Shimo fupi linapata joto kali la juu na linafikiwa haraka na mbwa. Joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia pia: karibu na nyuzi 29 wanatoka madume na majike kwa pamoja, juu ya hapo majike wanazidi, na likipanda sana mayai yanaharibika.

Swali la tatu huwa halimjii mgeni, nalo lina uzito kuliko yote: je, mayai ya kasa mmoja yamezikwa pamoja au yamegawanywa mashimo mawili? Kasa wa kawaida hutaga mayai mia moja na zaidi kwa mara moja, na wingi huo una kazi. Mtoto akishapasua ganda hakimbilii juu. Anakaa chini na wenzake, kiini cha yai kilichobaki kikiingia tumboni, gamba lililokuwa limejikunja likinyooka. Halafu wanaanza kuchimba kwa pamoja. Wa juu wanakwangua dari, mchanga unaanguka, wa chini wanaukanyaga na kuusukuma chini yao, na sakafu inapanda nao. Mmoja akitulia, anayesumbuka chini yake anamwamsha. Safari hiyo ya chini ya mchanga huchukua siku tatu mpaka saba. Kundi kubwa linagawana kazi, kila mtoto anatumia nguvu kidogo. Kundi dogo linafika juu limechoka. Anayegawanya mayai ili apate viota vingi vya kuonyesha wageni anawatuma baharini watoto wenye akiba pungufu, na akiba hiyo ndiyo watakayoihitaji saa moja baadaye mbele ya samaki.

Wingi una kazi ya pili. Wakitoka mia kwa dakika chache, kaa watano na kunguru wawili hawawezi kuwala wote. Wakitoka watatu watatu mchana kutwa, kila mmoja ana mlaji wake. Kwa hiyo mwongozaji anayefukua kiota kabla ya wakati, akatoa ishirini kwa wageni wa leo na kuacha wengine kwa wageni wa kesho, ameuvunja ulinzi mkubwa kabisa ambao watoto hawa wanao.

Usiku ndio ulinzi wa tatu. Wanapofika sentimita chache chini ya uso wa mchanga, joto la jua huwafanya watulie. Jua likizama na mchanga wa juu ukipoa, wanaanza tena. Wengi hutoka katika saa za mwanzo za usiku, kunguru na mwewe wakiwa wamelala. Mvua ya alasiri au wingu zito linaweza kuupoza mchanga mapema na kuwatoa mchana. Hilo likitokea kwa bahati, huduma nzuri huwasimamisha watu pembeni, kushoto na kulia mwa njia, maana ndege hawapendi kushuka karibu na watu. Wala watoto wa kasa hawashikwi. Kuwatoa mchana kwa makusudi, eti wageni waone vizuri, ni jambo jingine kabisa.

Unajuaje kwamba usiku ni huu? Mwenye huduma anayejua kazi anahesabu siku tangu kutagwa. Kwenye pwani yetu kiota cha kasa wa kawaida huchukua takriban siku 50 hadi 60, na mchanga wa baridi huchelewesha. Kuanzia siku ya 48 hivi anakagua kila jioni. Ishara ni kishimo kidogo juu ya kiota, upana wa sahani, kwa sababu mayai yaliyopasuka yamepungua ukubwa na mchanga umetitia. Kishimo kikionekana, watoto wanaweza kutoka usiku huo au baada ya siku mbili tatu. Ndiyo kusema huduma ya kweli haiwezi kukuahidi saa. Anayekuahidi saa kumi na moja na nusu jioni kamili amekwisha kuamua kuwatoa yeye.

Vifaa vinavyowekwa juu ya kiota ni vya kukaguliwa kabla ya kulipa, na mwanga wa jioni unatosha kwa ukaguzi huo. Wavu mzuri wa kuzuia mbwa, nguchiro na nyegere ni mgumu, una matundu ya sentimita 5 kwa 10, umetandazwa bapa sentimita chache chini ya mchanga, upana wa mita moja na zaidi kila upande, umekazwa kwa vigingi pembeni. Mtoto wa kasa wa kawaida ana gamba la urefu wa sentimita 5 hivi na upana pungufu ya hapo, kwa hiyo anapita bila kusaidiwa. Wavu wa matundu madogo kuliko hayo ni gereza: usiku mlinzi akisinzia, asubuhi watoto wamekauka kwa jua chini yake. Kipande cha jarife, wavu wa kuvulia samaki, kuukuu ni kibaya zaidi, kwani nyuzi zake humkamata mtoto kwenye mapezi na shingo. Plastiki ngumu ni bora kuliko chuma. Watoto wa kasa wanatumia uga wa sumaku wa dunia kujua mwelekeo, na chuma huupotosha uga huo karibu na kiota.

Wavu hauzuii kaa. Kaa wa mchangani, wale weupe wenye macho yaliyosimama, hujichimbia mpaka kwenye mayai na usiku huvizia njiani, humkamata mtoto na kumburuta shimoni. Sisimizi na siafu huingia kiotani yai linapopasuka na kumla mtoto kabla hajatoka. Kiota kilichozikwa karibu na mizizi na majani yaliyooza kinawaita. Kenge naye hufukua mayai mchana. Baadhi ya waongozaji huua kaa wote wa ufukweni kabla ya wageni kuja, jambo tusilolikubali. Kaa ni wa ufukwe ule, na watoto wakitoka mia kwa pamoja katika giza, kaa hupata wachache tu. Kinachompa kaa karamu ni mtoto anayekwama.

Na hapa ndipo wageni wenyewe wanapoharibu bila kujua. Unyayo wa mtu mzima kwenye mchanga mkavu ni shimo ambalo mtoto wa sentimita 5 hulihangaikia, akianguka chali mara kwa mara, huku kaa akimsogelea. Alama ya ngalawa iliyoburutwa humpeleka mtoto sambamba na bahari badala ya kumpeleka majini. Mashimo yaliyochimbwa na watoto wa wageni mchana yanabaki mitego usiku. Huduma tuliyoipa alama zote husawazisha njia kabla ya jua kuzama, kwa reki au kwa ubao, kuanzia kiotani hadi kwenye mchanga mbichi, upana wa mita tatu au nne, ikiokota chupa, kamba na marundo ya mwani mkavu. Baada ya hapo hakuna anayepita. Wageni wanakaa nyuma ya kiota na pembeni kidogo, wameketi, maana mtu aliyesimama kati ya kiota na bahari ni kivuli kirefu cheusi, na mtoto wa kasa amezaliwa akijua kukikimbia kivuli cha namna hiyo.

Kwa nini akikimbie? Kwa sababu ndivyo anavyoipata bahari. Hasikii wimbi wala kunusa chumvi kwa kiasi cha kumwongoza. Anatazama upeo ulio chini na wenye mwanga, na kukipa kisogo kilicho kirefu na cheusi. Katika ufukwe usio na taa, upeo wa bahari ndio wenye mwanga na minazi ndiyo yenye giza. Washa taa ya veranda nyuma ya ufukwe, hesabu nzima imegeuka: mtoto anapanda juu kwenye vichaka, ambako atakaushwa na jua la asubuhi kama hajaliwa na siafu. Mwanga wa buluu na kijani unamvuta kwa nguvu zaidi, na taa nyeupe za LED zina buluu nyingi. Mwekundu humvuta kidogo sana.

Kwa hiyo tochi ni kipimo chepesi cha huduma yoyote. Tochi inayofaa ni ya LED nyekundu yenyewe, ya nguvu ndogo, ikielekezwa chini, na inazimwa watoto wanapoanza kutambaa. Tochi nyeupe iliyofungwa karatasi nyekundu ya zawadi haifai. Mwanga mweupe unapenya kwenye mikunjo na pembeni. Simu zinakusanywa au zinazimwa kabisa, kwa sababu hata kioo kilichopunguzwa mwanga, mbele ya kiumbe wa sentimita tano aliye juu ya mchanga, ni jua dogo. Mwako wa kamera haukubaliki kwa hali yoyote. Waulize pia kama hoteli za jirani zinazima taa za ufukweni usiku wa kiota. Kama jibu ni hapana, kiota kizingirwe upande wa nchi kavu kwa makuti marefu ya kuzuia mwanga, na hilo ni kazi ya nusu saa tu.

Sasa ndoo. Inatetewa kwa hoja kwamba inawaokoa watoto na kaa na kunguru. Ni kweli kwamba mtoto aliye ndani ya ndoo haliwi na kaa. Lakini tangu anapotoka mchangani, saa yake imeanza kuhesabu. Mwili wake umewashwa kwa mbio moja isiyokatika: atambae, aingie majini, aogelee bila kupumzika takriban saa 24, avuke maji mafupi yenye samaki wengi afike kwenye kina. Akiba yake ni kile kiini kilichoingia tumboni. Ndani ya ndoo haachi kupiga mapezi. Anagonga kuta, anapanda mgongo wa mwenzake, anachoma akiba ileile. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 kuhusu kasa wa kawaida katika vituo vya kuangulia mayai vya Malaysia ulionyesha kwamba kadiri watoto wanavyozuiwa, ndivyo kasi yao ya kuogelea inavyoshuka. Saa mbili za kupiga picha hazionekani kwa macho ufukweni, zinaonekana kwa chewa.

Ndoo inaondoa na jambo la pili. Mtoto anapotambaa kuelekea baharini, mwelekeo wa safari hiyo unahamishiwa kwenye dira yake ya sumaku. Akiingia majini anayakabili mawimbi, kwa kuwa karibu na ufukwe mawimbi hutoka bahari kuu. Akiwa mbali, mahali ambapo mawimbi hayana mwelekeo mmoja, dira ile inamwendeleza kwenye njia ileile. Aliyemwagwa majini kutoka kwenye ndoo ameanza safari bila hatua ya kwanza. Kama lazima kuwasaidia, mathalani njia imekatwa na ukuta, waachwe watambae angalau mita kumi za mwisho wenyewe.

Hatari kubwa haipo mchangani hata hivyo. Ipo kwenye maji mafupi, na wauzaji wa huduma hii wengi hawaizungumzii kwa kuwa wageni hawaioni. Chewa, kolekole, changu na papa wadogo wanawinda kandokando ya matumbawe. Mtafiti Emma Gyuris aliwafuatilia watoto wa kasa wa kawaida katika kisiwa cha Heron, Australia, akachapisha matokeo mwaka 1994: walioliwa wakati wa kuvuka mwamba walikuwa kwa wastani asilimia 31, lakini kutoka jaribio moja hadi jingine idadi ilitoka sifuri mpaka asilimia 85. Tofauti hiyo kubwa ilitokana hasa na mambo mawili, kina cha maji na mwezi. Maji yakiwa yamejaa na mwezi haupo, wengi walipita. Maji yakiwa machache na mwezi uking'aa, waliliwa. Samaki wanaowinda kwa macho humwona mtoto kutoka chini akiwa kivuli juu ya maji yenye mwanga, ijapokuwa tumbo jeupe la kasa wa kawaida linasaidia kumficha.

Yaliyopimwa Australia yanaweza kutumiwa Ushongo kwa hesabu ya maji ya kwetu, na wavuvi wa Pangani wanaijua hesabu hiyo kwa moyo. Wakati wa bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa karibu saa kumi alasiri na saa kumi usiku, na kukupwa, yaani kutoka kabisa, karibu saa nne. Kila siku yanachelewa kwa dakika 50 hivi. Basi jioni ya tarehe 15 ya mwezi wa Kiislamu ndiyo mbaya kuliko zote: mwezi umejaa tangu jua kuzama, na watoto wanaotoka saa mbili usiku wanayakuta maji yanakimbia, na mwendo mrefu wa kutambaa, na vidimbwi vya kunasa. Mwezi mwandamo una giza zuri lakini maji ni yaleyale ya kukupwa. Maji mafu, yasiyojaa wala kukupwa sana, ya karibu tarehe 8 yanajaa saa nne usiku, ila mwezi unakuwepo mpaka karibu usiku wa manane. Nzuri kuliko zote ni tarehe 21 hadi 24: maji yanajaa kati ya saa tatu na saa tano usiku, na mwezi hauchomozi mpaka karibu saa sita.

Hii haimaanishi watoto wazuiliwe kusubiri tarehe. Kiota kinachotoka kitoke. Inamaanisha kwamba mgeni mwenye uhuru wa kuchagua siku za likizo achague hizo, na mwenye huduma awaachie wale waliobaki kiotani, tutakaowataja hivi punde, kwa kuangalia maji kwanza na ratiba ya basi la wageni baadaye.

Kuna kosa moja la huduma zenye viota vingi ambalo halionekani mpaka limeshaleta hasara: kuwaachia watoto mahali palepale, saa ileile, siku baada ya siku. Samaki hujifunza. Wakishajua kwamba mbele ya mwembe fulani chakula hushuka kila magharibi, wanakusanyika kabla. Uliza viota vimezikwa kwa kutawanywa urefu wa ufukwe au vyote viko mbele ya hoteli moja. Vikiwa vyote mbele ya baa, hiyo ni habari mbaya kwa watoto hata kama waongozaji ni wapole na wenye nia njema. Vivyo hivyo usikubali boti la kuwafuata watoto baharini kwa taa. Taa inawageuza nyuma, inawaangazia kwa samaki, na kivuli cha boti lililosimama ni maficho ya kolekole.

Sehemu ya huduma tunayoisifu bila kusita ni ufukuaji wa baada. Siku mbili au tatu baada ya kundi kubwa kutoka, kiota hufunguliwa kwa mkono, taratibu, mwenye kufukua akivaa glavu. Wanahesabiwa maganda matupu, mayai yasiyoanguliwa, na watoto walionasa kwenye mizizi au waliobaki chini kwa uchovu. Hao wachache, wakiwa hai na wenye nguvu, wanawekwa juu ya mchanga uliosawazishwa na kuachwa watambae. Kwa familia zenye watoto wadogo hii ndiyo nafasi inayofaa: inajulikana siku, inafanyika jua likizama, na mtoto wako anaona ganda laini lililopasuka, anaona kiinitete kilichoishia njiani na anaelezwa kwa nini. Wenye kazi nzuri huandika kila hesabu daftarini mbele yako. Wakikuonyesha daftari la viota vya nyuma, umewapata watu makini. Mtoto aliyefukuliwa akiwa bado na kiini kinachoning'inia tumboni haendi baharini usiku huo. Anarudishwa kwenye mchanga mbichi, gizani, mpaka kiini kiingie, na atakayekuambia "huyu naye tumwachie tu" hajui anachofanya.

Kuhusu fedha: nchini kwetu kuna utaratibu, ulioenezwa na Sea Sense, shirika la kuhifadhi viumbe wa baharini, wa kumlipa mwanakijiji anayetoa taarifa ya kiota, na kumwongezea kwa kadiri mayai yanavyoanguliwa. Unafanya kazi kwa sababu kiota kizima kina thamani kuliko mayai ya kuuza. Uliza ada yako inafikaje kwa wakagua viota wa kijiji, na omba stakabadhi. Kasa na mayai yake wanalindwa chini ya Sheria ya Uvuvi ya 2003, hivyo hakuna mtu binafsi mwenye haki ya kuhamisha kiota kwa biashara yake bila ruhusa ya wanaohusika; kuuliza kibali si utovu wa adabu.

Msimu: kasa wa kawaida hutaga karibu mwaka mzima lakini zaidi wakati wa masika, kwa hiyo watoto wengi hutoka miezi ya kusi, upepo wa kusini unaofuata masika. Njoo na nguo nyeusi au za rangi iliyofifia, sweta la upepo, kanga ya kukalia, na viatu vya kuvua. Usipake dawa ya mbu mikononi kama utashiriki ufukuaji. Panga usiku tatu mfululizo, lipia moja, na ukubaliane na mwenye huduma kwa maandishi kwamba watoto wasipotoka usiku wa kwanza hatafukua ili kukuridhisha. Anayekubali sharti hilo bila kunung'unika, mpe kazi.